Kabla ya ukuta, nauli

Kila usiku nilianza kuhesabu vijiko, watoto wakafuata. Kijiko cha bati kikisuguliwa kwenye sakafu ya saruji siku mbili tatu hakiitwi tena kijiko, na mtoto wa miaka 15 aliyeingia jana hana kazi nyingine ila kusugua. Basi ugali wa jioni ukiisha, tunakusanya vijiko, tunavifungia kabatini, ndipo nasimama mlangoni na daftari langu naita majina.

Kazi hiyo niliifanya miaka tisa, nikiwa afisa ustawi wa jamii, mfawidhi wa mahabusu ya watoto. Ni ipi, sitasema, maana baadhi ya nitakayoyaeleza ni aibu, na sehemu ya aibu hiyo ni yangu. Baadaye nilihamishiwa Mkoa wa Pwani, nikafanya kazi ya wilayani hadi kustaafu. Sasa nafuga kuku Kongowe (ya Kibaha, si ile ya Mbagala), na kwetu hasa ni Maneromango, Kisarawe.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya mkutano wa mtaa. Vijana wawili walikuwa wamepora simu ya mama mmoja akishuka kwenye daladala jioni. Mmoja alikamatwa, ikaonekana ni mtoto wa darasa la saba. Watu walichemka. Jina la genge la Panya Road likatajwa, kama linavyotajwa siku hizi kila watoto watatu wakisimama pamoja penye giza. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akainuka akasema: Pwani tuna viwanda kila kona, tunashindwaje kuwa na mahabusu yetu ya watoto, yenye ukuta kama wa gereza la Ukonga? Halafu akanigeukia. "Mama, wewe kazi hiyo umeifanya. Tuchoree ramani."

Nilimwambia nitachora. Hii ndiyo ramani yenyewe.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na kwamba mtoto hahukumiwi kifungo cha gerezani. Anayengoja kesi bila dhamana hukaa mahabusu ya watoto, chini ya ustawi wa jamii, si chini ya Magereza. Wakati wangu nyumba hizo zilikuwa tano nchi nzima: Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya. Shule ya maadilisho, anakopelekwa aliyekwisha kutiwa hatiani, ilikuwa moja, Irambo, huko huko Mbeya, karibu kilomita 800 kutoka hapa ninapoandikia. Kwa hiyo mzee wangu hakukosea kuona pengo. Amekosea alipofikiri pengo hilo linazibwa kwa matofali.

Ngoja niwaambie ukuta unavyofanya kazi.

Tulikuwa na kijana mmoja, mkimya, anafua nguo zake kila siku kana kwamba anakwenda harusini. Aliambiwa na jirani aliyepita kwamba mama yake atakuja Jumapili. Jumapili akavaa shati lake, akakaa kwenye benchi la wageni tangu saa tatu asubuhi. Mama hakuja. Jumatatu usiku kijana aliruka ukuta. Tulimpata stendi ya mabasi akimwomba utingo ampakie bure hadi kwao. Hakuiba kitu njiani, hakujificha. Alikuwa anakwenda kwa mama yake kuuliza kwa nini.

Nilifanya nini? Niliwafungia wote bwenini siku mbili, bila mpira, bila kutoka uani. Waliolala usingizi wao nikawaadhibu pamoja na aliyeruka. Nilikuwa na hofu ya barua ya kujieleza, basi. Na barua ilikuja, ikifuatwa na mafundi. Walipandikiza vipande vya chupa juu ya ukuta na kuzungusha seng'enge. Miezi minne kabla ya hapo nilikuwa nimeandika kuomba vocha za simu, ili kila mtoto aweze kuongea na kwao mara moja kwa wiki. Nilijibiwa kwamba hakuna kifungu. Kifungu cha seng'enge kilikuwepo.

Watu hudhani hatari ya nyumba kama ile iko ukutani. Mimi naijua ilipokaa: ni ndani, baada ya saa tatu za usiku, wafanyakazi wakiwa wawili na watoto wakiwa wengi, wa miaka kumi na wa miaka 17 chumba kimoja. Wengi wao walikuja kwetu wakiwa wamekwisha kulala polisi au gerezani pamoja na wakubwa, na huko walijifunza unyampara. Wakija nao kwetu, kazi ilikuwa imekwisha. Nyampara hulala dirishani, mgeni hulala karibu na ndoo. Nyama ya Jumapili ya mgeni huliwa na nyampara kwa mwezi mzima, na mgeni ukimuuliza anasema hapendi nyama. Nimewahi kuwa na watoto saba wasiopenda nyama.

Mwanzo nilipambana na nyampara kwa kumwadhibu. Nikimwondoa huyu, kesho yupo mwingine, tena mkali zaidi maana anajua kinachomngoja. Aliyenifundisha ni mlinzi wetu wa usiku, mzee aliyekuwa na ruhusa ya kubeba rungu na hakulibeba. Alichimba mashimo ya bao uani chini ya mwembe. Jioni alikaa na mtoto mdogo kuliko wote akamfundisha kunamua na kutakata, wiki mbili, tatu, kimya kimya. Kisha siku moja akamkaribisha nyampara acheze na yule mtoto mbele ya wote. Mnajua bao halijali kifua. Nyampara alifungwa mara mbili mfululizo na mtoto wa miaka 12, na bweni zima lilicheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Sisemi unyampara ulikwisha siku ile. Nasema ulipata ufa, nasi tukaingia hapo hapo: wadogo wakapakuliwa chakula kwanza, mpishi amesimama mpaka wamalize, na meza yangu ya kazi nikaihamishia kwenye ujia wa bweni. Huko kulikuwa na joto na kunguni. Niliandika taarifa zangu zote huko.

Kuwafungia watoto hakukuanza na mahabusu: sisi Wazaramo tuliwafungia tangu zamani, na kwa ridhaa ya wazazi. Kaka zangu waliingia kumbini, yaani jandoni, kama wavulana wote wa rika lao. Walikaa porini, mbali na mama zao, chini ya ngariba na makungwi, wakitii amri ambazo nyumbani wasingezitii. Aliyethubutu kutoka alijua atakachokipata. Lakini kila mmoja alikuwa na kungwi wake, mtu mzima mmoja aliyebeba dhamana yake, na kila mama alijua siku ya kutoka. Pombe ilikuwa inapikwa, kanga zinanunuliwa. Kumbi ilikuwa kali, jamani, sijaipamba. Ila haikuwa na mtoto aliyekaa humo bila kujua atatoka lini.

Mahabusu ndiko aliko mtoto huyo. Mtoto anapelekwa mahakamani, anaambiwa upelelezi haujakamilika, anarudi. Siku kumi na nne, anapelekwa tena, jalada halijafika, anarudi. Mara ya tatu shahidi hana nauli. Aliyeiba kuku, angehukumiwa mapema, angekuwa amekwisha kumsahau kuku mwenyewe. Ukitaka kujua lini watoto watapigana, usitazame wanapokula. Tazama jioni ya siku waliyotoka mahakamani.

Sasa nije Kisarawe, maana ndipo nilipojifunza kilichobaki.

Mwaka 2012, masika, nilikuwa nimekwisha hamia Pwani. Nikasikia kuna kijana wa Mzenga yuko gerezani na wakubwa tangu Novemba, msimu wa korosho, kwa kosa la nusu gunia la korosho za mtu. Hati ya mashtaka ilisema ana miaka 18. Nilipomwona sikuhitaji daktari. Sauti yake ilikuwa bado haijavunjika.

Lakini hakimu hahukumu kwa sauti. Anataka taarifa ya uchunguzi wa kijamii, anataka uthibitisho wa umri, na vyote viwili viko Mzenga. Ofisi ilikuwa na pikipiki, mafuta hakuna. Kwenye ramani Mzenga na Mlandizi ni majirani, lakini masika ile barabara ilikuwa matope matupu, na mtu wa Mzenga aliyetaka kufika Kibaha, alikowekwa kijana, ilimbidi azunguke Kisarawe mjini, ashuke Pugu, apite Gongo la Mboto, avuke jiji zima hadi Mbezi, ndipo aanze kupanda Barabara ya Morogoro. Mama wa kijana alikuwa amemtembelea mwanawe mara moja tu kwa miezi mitano. Aliuza kuku watatu.

Nilipanda bodaboda kutoka Kisarawe mjini kwa fedha yangu. Tuliteleza mara mbili. Cheti cha kuzaliwa hakuna, kadi ya kliniki ililiwa na mchwa. Mama alichokuwa nacho ni mvua. "Huyu ni wa El Nino," aliniambia, "nilijifungua maji yamejaa mpaka mlangoni, mkunga alivushwa kwa ngalawa ya kukodi," na jirani zake wakacheka wakisema ngalawa ameiongeza yeye, ila mvua ni kweli. Mvua za El Nino zilikuwa mwishoni mwa 1997 kuingia 1998. Mwalimu mkuu alinifungulia sanduku la daftari za zamani. Tulipekua mchana kutwa, tukamkuta: darasa la kwanza 2005, mwaka wa kuzaliwa 1998. Mtendaji wa kijiji akaandika barua, akapiga muhuri.

Kijana wa miaka 14 alitoka kwa dhamana ya mjomba wake. Miezi mitano ndani, na kilichomtoa ni daftari moja na safari ya siku mbili. Safari hiyo ingefanyika wiki ya kwanza, asingelala gerezani hata wiki ya pili.

Kwa hiyo mzee wangu, ramani yangu inaanzia mbali na nyumba. Inaanza na mafuta ya pikipiki ya afisa ustawi wa Kisarawe na wa Kibaha. Inafuata orodha, kata kwa kata, ya wale ambao sheria yenyewe inawaita watu wanaofaa: mjomba, mwalimu mstaafu, bibi mwenye nyumba kubwa, imamu, katekista, mtu ambaye hakimu anaweza kumkabidhi mtoto wakati kesi inangojwa. Wapo. Nikipita Masaki ya Kisarawe au Mlandizi naweza kukutajia kumi kabla ya chai. Tatu, nauli ya mama. Na vocha.

Ukishafanya hayo, utaona waliobaki ni wachache. Hao nao nawajua, sitaki kuonekana bibi anayedanganywa na watoto. Nimepokea kijana aliyeua. Nimepokea waliobaka, na mmoja aliyenitazama usoni akaniambia akitoka atarudia. Kwa hao mlango lazima ufungwe, na ufunguo uwe shingoni mwa mtu mzima asiyelala. Hapo ndipo nakubali tujenge.

Tujenge Kibaha, karibu na mahakama, mtoto aende kwa miguu na mlezi wake, siyo kwenye karandinga. Vitanda ishirini, visizidi hata mkubwa gani aseme. Vyumba vidogo vya wanne wanne, wadogo mbali na wakubwa, wasichana nyumba yao na wafanyakazi wao wa kike, kwa sababu msichana mmoja kati ya wavulana thelathini nimewahi kumlaza kwenye stoo ya unga na sijajisamehe. Marekani, jimbo la Missouri, walikuwa na shule kubwa ya aina hii mjini Boonville. Mwaka 1983 waliifunga, wakagawa watoto kwenye nyumba ndogo ndogo za karibu na kwao, kila kikundi na walezi wake. Waganda wanaijua Kampiringisa, kituo kimoja cha taifa cha watoto wakosaji kilichoko Mpigi, na mama wa Arua anajua umbali wake kuliko mhandisi. Sisi Kibaha tusijidai wageni wa kujenga: mji huu ulikua kwa mradi wa nchi za Nordiki wa 1963, uliochora shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima kwenye karatasi moja. Waliochora walijua kwamba mgonjwa ana ndugu na mwanafunzi ana shamba.

Mzee ameniuliza juzi, na ukuta je? Nimemwambia michongoma inatosha upande wa nyuma. Upande wa mbele nataka benchi refu la wageni lenye kivuli, na kituo cha daladala kisizidi hatua mia.

Akasema ramani hii haina gharama. Ina gharama, nikamjibu, tena ninayo ya kuanzia. Safari yangu ya Mzenga sijalipwa hadi leo. Niliandika madai mara tatu, na mara tatu yakarudi na maelezo yale yale kwa wino mwekundu: ambatanisha stakabadhi ya usafiri. Bodaboda wa Mzenga hatoi stakabadhi.