Tani hazitoshi kuieleza Wyoming
Makala yako kuhusu makaa ya mawe ya Wyoming imewasahau wachimbaji. Wyoming hutoa takriban asilimia 40 ya makaa ya mawe ya Marekani, lakini West Virginia, inayotoa kidogo kuliko Wyoming, ndiyo yenye wachimbaji wengi. Sababu iko ardhini: huko Wyoming, bonde la Powder River lina matabaka manene karibu na uso wa ardhi, na mashine kubwa huyachota. Huko West Virginia wachimbaji wengi bado hushuka chini kabisa, wakivuta vumbi linaloharibu mapafu, na hilo linaniuma. Tena makaa mengi ya Wyoming husafirishwa kwa treni kuzalisha umeme majimbo mengine. Tangu kilele cha 2008 uzalishaji wa Wyoming umeporomoka, ilhali fedha za makaa ndizo zilizojenga shule nyingi za jimbo hilo. Nani atazijenga sasa?