Leopards kati ya wazee na vijana: Mbemba akiondoka, nani atashika kamba?

Tangu Leopards watolewe na Algeria ku CAN ya Morocco, tarehe 6 mwezi wa kwanza 2026, mabishano ni yale yale kuanzia Bunia mpaka Uvira. Wamoja wanasema wazee wamechoka, waachie vijana nafasi. Wengine wanajibu kwamba bila wazee ekipe isingefika hata pale. Goli la Adil Boulbina liliingia dakika ya 119, watu wakiwa wameanza kuhesabu wapiga penalti, na kila upande uliona ndani ya goli lile sababu ya kujipa haki.

Mabishano haya si ya kupitisha wakati tu. Mwisho wa mwezi wa tatu 2026 Leopards walipangiwa kuenda Guadalajara, Mexico, kucheza mechi moja na mshindi kati ya Jamaica na Caledonia Mpya. Ushindi pale ulikuwa tiketi ya kuingia Kombe la Dunia. Kabla ya hapo, mara ya mwisho inchi hii ilifika huko ilikuwa mwaka 1974, ikiitwa bado Zaïre, na ilipoteza mechi zote tatu bila kufunga hata goli moja. Watu wengi wanaobishana leo hawakuwa wamezaliwa.

Mwanzo wa 2026, kapiteni Chancel Mbemba alikuwa na miaka 31. Arthur Masuaku 32. Cédric Bakambu na Gaël Kakuta, kila mmoja 34. Upande wa pili kuna Noah Sadiki na Ngal'ayel Mukau, wote wawili wa mwaka 2004. Mbemba alivaa jezi ya taifa mara ya kwanza mwaka 2012, wakati vijana hawa walikuwa watoto wa masomo ya msingi. Sasa wako ndani ya ekipe moja. Nani abebe nini?

Ekipe iliyookotwa chini

Kuelewa leo, turudi kidogo nyuma. Mwezi wa tatu 2022 Leopards walikuwa mechi mbili tu mbele ya Kombe la Dunia la Qatar. Walitoka 1-1 na Morocco pale Kinshasa, kisha wakapigwa 4-1 Casablanca. CAN iliyopita hawakuwa wamefuzu. Kampeni mpya ilipoanza mwezi wa sita mwaka ule, wakapoteza mbele ya Gabon nyumbani, wakapoteza tena mbele ya Sudan. Kocha Héctor Cúper akaondoka.

Mwezi wa nane akaja Mfaransa Sébastien Desabre. Ukanda wetu ulimjua tayari: ndiye aliongoza Uganda ku CAN ya 2019, na mechi ya kwanza ya Uganda ile ilikuwa ya kuwapiga Leopards 2-0. Wengi walingoja afanye kile makocha wapya wanapenda: kufukuza wazee wote na kuanza na damu mpya. Hakufanya hivyo. Hakuwaacha pia wakae kwa sababu ya jina. Alibakiza wachache, akawapa kila mmoja kazi inayojulikana, halafu akatafuta watu wa kuwazunguka.

Matunda yalionekana haraka kuliko watu walivyofikiri. Ekipe iliyoanza kwa kupoteza mara mbili ilifuzu CAN ya Côte d'Ivoire, na mwanzo wa 2024 ikafika nusu fainali. Pale ndipo wachezaji walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja ukifunika kinywa, vidole viwili vya mkono mwingine ku kichwa kama bunduki. Ilikuwa juu ya mashariki, na huku hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tangu siku ile, hata mtu asiyependa mupira anauliza Leopards wamefanya nini.

Kazi ya muzee ni ipi?

Ukichunga vizuri miaka hii miwili, wazee hawakuwa watu wa kukimbia kuliko wengine. Walikuwa watu wa dakika ngumu. Mbele ya Guinea, robo fainali ya 2024, Leopards walikuwa nyuma 1-0. Mbemba akasawazisha, mechi ikaisha 3-1. Mwezi wa kumi na moja 2025 kule Rabat, mbele ya Cameroon, mechi ilikuwa inaelekea muda wa nyongeza; Mbemba akafunga dakika ya 91. Siku tatu baadaye, mbele ya Nigeria, ni yeye tena aliyepiga penalti ya mwisho, Leopards wakapita 4-3.

Lakini mechi ile ya Nigeria ilikuwa na tukio lingine, dogo, na ndilo linafundisha zaidi. Golikipa Lionel Mpasi ni shujaa wa penalti. Mwaka 2024, mbele ya Misri, yeye mwenyewe alipiga penalti ya ushindi, 8-7. Kule Rabat, dakika ya 119, matokeo 1-1, kocha akamutoa. Akaingia Timothy Fayulu, mdogo wake, ambaye hakuwa amegusa mupira jioni yote. Fayulu akaokoa penalti, Leopards wakapita.

Hapo ndipo usawa wa wazee na vijana unaonekana kweli. Kuhesabu eti wako wazee watano na vijana sita hakuelezi kitu. Muzee anapaswa kujua kwamba siku moja ataitwa nje, hata kama jana alikuwa shujaa, na kijana anapaswa kuwa amekwisha kutayarishwa kabla ya saa ile. Kama Mpasi angekasirika, au kama Fayulu angekuwa mutu wa kujaza benchi tu, tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Kakuta naye ni mfano wa namna hiyo. Hayuko tena yule ambaye mchezo wote unapita ku miguu yake. Lakini ku CAN ya juzi, mbele ya Botswana, alifunga mawili kati ya magoli matatu. Muzee wa aina hii ni faida, kwa sababu hazibi njia ya mutu.

Vijana hawakuja kupamba

Katikati ya uwanja ndipo mabadiliko ni makubwa. Sadiki, anayecheza Sunderland, na Mukau, anayecheza Lille, wameleta kitu ambacho Leopards hawakuwa nacho mwaka 2022: miguu ya kufunika uwanja kwa dakika tisini. Mbemba na wenzake wa nyuma wanaweza kusimama mahali pao, bila kukimbilia kila shimo, kwa sababu kuna wadogo wanaoziba mbele. Kijana anamupa muzee pumzi; muzee anamuambia kijana wapi asimame. Vikombe haviji siku ile ile, lakini ekipe haivunjiki haraka.

Haivunjiki haraka, ndiyo, lakini ilishavunjika. Tarehe 9 mwezi wa tisa 2025, pale Kinshasa, Leopards walikuwa mbele 2-0 ya Senegal, magoli ya Bakambu na Yoane Wissa. Ilikuwa nafasi ya kushika kundi na kuenda moja kwa moja Kombe la Dunia. Mechi iliisha 3-2 kwa Senegal, goli la tatu likija dakika za mwisho. Siku ile uzoefu wa wazee haukutosha kupoza mchezo, na vijana nao walikuwa bado hawajajua kuushika. Ndiyo maana ekipe ilibidi ipitie Rabat, na sasa Guadalajara.

Na kuna kundi la katikati ambalo watu wanasahau: wale waliokuwa na miaka 27 mpaka 29 mwanzo wa 2026, kama Wissa, Meschack Elia, Aaron Wan-Bissaka na Axel Tuanzebe. Hawa si vijana, si wazee, na ndio nguzo. Wissa alipoumia na kukosa Rabat, ni Elia aliyefunga mbele ya Nigeria. Bila kundi hili, muzee na kijana wanaachwa kila mmoja upande wake, kama nyumba yenye babu na wajukuu tu, bila wazazi.

Vijana wa hapa wako wapi?

Sasa swali linalotugusa sisi huku. Sadiki na Mukau walizaliwa Ubelgiji. Wan-Bissaka alizaliwa London. Tuanzebe ni mtoto wa Bunia, lakini alitoka Ituri akiwa mdogo sana, mupira alijifunzia Uingereza. Hakuna ubaya; ni Wakongo, na wamechagua jezi hii. Lakini ekipe inajengwa upya na vijana waliokomaa kwingine.

Si zamani sana ilikuwa tofauti. Mwaka 2016, Leopards wa ligi ya ndani walishinda CHAN pale Kigali, na muchezaji bora wa mashindano alikuwa Elia, kijana wa miaka 18. Ni Elia huyu huyu wa Rabat. Miaka tisa baadaye, CHAN ya mwezi wa nane 2025, Leopards wa ndani walitolewa hatua ya makundi kule Nairobi. Fiston Mayele naye ametoka ku ligi ya ndani, lakini jina lake lilikua Dar es Salaam ndani ya Yanga, kisha Misri ndani ya Pyramids, mpaka kushinda Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2025.

Huku mashariki, mlango umezidi kuwa mwembamba. AS Maniema Union ya Kindu ilionyesha kwamba inawezekana: ilicheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa msimu wa 2024-2025. Lakini tangu Goma ichukuliwe mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, barabara zikakatika, na klabu ambayo haiwezi kusafiri haiwezi kucheza ligi ya taifa. Kijana wa miaka 17 mwenye kipaji pale Goma hapati muzee wa kumufundisha uwanjani, wala hapati mechi ya kuonekana. Usawa tunaousifu ku Leopards, katika klabu zetu umevunjika kwanza.

Cha kuangalia mwezi wa tatu 2026

Kwa mechi moja ya Guadalajara, kocha hana sababu ya kubahatisha. Mbemba atacheza akiwa mzima, na ni haki. Mechi ya kufa na kupona inahitaji mutu aliyekwisha kuona kifo na akapona.

Lakini orodha ya wachezaji ikitoka, mushabiki asitafute tu majina makubwa. Atazame beki wa kati wa tatu na wa nne ni nani, na wako na umri gani. Ku goli, Mpasi iko na Fayulu. Katikati, Sadiki na Mukau wamekwisha kuingia. Mbele, Bakambu akitoka, Wissa na Mayele wanajulikana, ingawa nao si wadogo tena. Ni nyuma ndiko hakuna anayejua jina la yule atakayevaa kitambaa cha kapiteni siku Mbemba atasema inatosha. Tuanzebe anaweza kushika kwa miaka michache. Nyuma yake giza.

Ikiwa Leopards watafuzu, furaha inaweza kufunika swali hili mpaka mwezi wa saba. Ikiwa watapoteza, hasira inaweza kuwafukuza wazee wote kwa siku moja, na kazi ya tangu 2022 ianze tena sifuri. Njia ya katikati ni ile ya dakika ya 119 kule Rabat: muzee kutoka akiwa bado na nguvu ya kumupigia makofi yule anayeingia.