Sanduku la Nne

Katika vijiji vya pwani yetu, toka Uvira hata Baraka, na katika bonde la Ruzizi, ni wachache wasiojua Muso. Akina mama hukutana siku yao, kila mmoja hutoa alichoahidi, na fedha huwekwa katika masanduku yenye rangi. Sanduku la kijani ni la akiba, nalo humkopesha mwenye kuuza ndagala au muhogo. Jekundu husaidia penye ugonjwa au msiba. La buluu hupokea fedha zitokazo nje ya kikundi. Kila faranga huandikwa mbele ya wote.

Juma hili twauliza: je, kikundi cha namna hii chaweza kukusanya pia malipo ya umeme? Mto Ruzizi, uingiao ziwani kwetu, umetoa umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950, na sheria ya Kongo ya mwaka 2014 iliruhusu makampuni mengine pia, mbali na SNEL, kuzalisha na kuuza umeme. Tena popote umeme ufikapo kijijini, hapana budi mtu apite kudai malipo. Afadhali tufikiri mapema atakuwa nani.

Huko Uhindi jambo hili limekwisha kufanywa. Jimbo la Uttar Pradesh lilikuwa na watu karibu milioni 200 kwa hesabu ya mwaka 2011, na wengi wao wakaa vijijini. Toka mwaka 2017 serikali ilikaza mwendo wa kupeleka nyaya kwa kila nyumba. Nyaya zilifika, lakini mahali pa kulipia palibaki mbali. Kwa ajili ya bili ndogo mkulima alipaswa kuacha shamba siku nzima, kulipa nauli na kungoja zamu yake. Basi wengi waliahirisha, na deni likakua mpaka likamshinda mwenyewe.

Mwaka 2020 kampuni ya umeme ya jimbo lile, pamoja na idara ya maendeleo ya vijijini, ilianza kuwapa kazi wanawake wa vikundi vya akiba. Huitwa Vidyut Sakhi, maana yake rafiki wa umeme. Mama huweka kwanza fedha katika mkoba wa simu ya mkononi, ziwe zake au za mkopo wa kikundi. Kisha hupita nyumba kwa nyumba. Jirani akimpa fedha taslimu, yeye hulipa bili papo hapo kwa simu na kumpa stakabadhi. Hivyo kampuni imekwisha kupata haki yake, na fedha zilizo mkononi mwa mama ni zake mwenyewe. Ujira uliowekwa kwa vijiji ulikuwa rupia 20 kwa bili isiyozidi rupia 2,000, na asilimia 1 kwa bili iliyo kubwa zaidi.

Angalieni hekima iliyomo. Mama hakuombwa kufanya kazi ya kampuni bure kwa kuwa eti ni mwanamke wa kikundi. Amechoka kwa miguu yake, basi apewa ujira wake. Tena hakuachwa alale na fedha za watu wengine chini ya mto wa kitanda.

Hapo ndipo penye hatari kwetu. Fedha za bili si akiba, si za msiba, wala si za kukopesha. Tufikiri: mtoto wa mmoja wenu augua usiku, sanduku jekundu ni tupu, na malipo ya nyumba kumi yamo kwa mweka hazina. Huruma yasema: chukua, tutarudisha. Kesho kampuni yadai, na wale waliokwisha kulipa wakatiwa waya. Nani atalaumiwa? Ni mama yule, aliyetenda kwa moyo mwema. Wala hapo hautavunjika mkusanyo wa bili peke yake. Itavunjika Muso nzima, iliyojengwa kwa miaka mingi, na mwenye msiba wa kweli hatapata pa kukimbilia.

Kwa hiyo kikundi kitakachokubali kazi hii na kiwe na sanduku la nne, lenye ufunguo wake na daftari lake, ambalo halikopeshi mtu hata siku moja. Au, yaliyo bora, kilipe kwa simu papo hapo kama wenzetu wa Uhindi. Kila alipaye apewe stakabadhi, hata akiwa dada wa tumbo moja. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena mapatano yaandikwe kabla ya kuanza: ujira ni kiasi gani, na umeme ukikosekana nani atajibu. Mwenye kukusanya si mwenye mtambo. Haifai mama atukanwe sokoni kwa giza asilolileta.

Nanyi akina baba, ujira huo ni wa jasho la mama; msiuombe kabla haujafika nyumbani. Nanyi wanafunzi, mnaojua hesabu, msaidieni mama kujumlisha daftari lake kila jioni. Lakini ufunguo mwachieni yeye.