STATA YA TREKTA LETU TUIFUFUE WENYEWE

Ndugu wanaushirika,

Kila mtu hapa anajua trekta letu linalala wapi: juu ya kichuguu. Halikuwekwa pale kwa heshima. Limewekwa ili asubuhi literemke, dereva aachie klachi, injini iwake. Kukiwa na tope, vijana sita wanaitwa kusukuma. Likizimika katikati ya shamba, siku imekwisha. Msimu uliopita wenzetu wengine walilimiwa wakati mahindi ya majirani yameshafika magotini. Jamani, njaa nyingine haitokani na mvua, inatokana na stata.

Kila tukikutana tunasema ipelekwe mjini. Imekwenda mara mbili. Ilirudi imepakwa rangi, ikafanya kazi mwezi mmoja. Mimi nasema tuifungue wenyewe.

Trekta hili ni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutoka kiwandani Uingereza mwaka 1964. Stata yake na dinamo yake zilitengenezwa ili zifunguke: boliti mbili ndefu, basi. Ndani hakuna uchawi. Kuna amecha inayozunguka, koili zilizoizunguka, kaboni zinazopeleka umeme kwenye shaba ya amecha, na bushi zinazoishikilia isiyumbe. Vinavyolika ni kaboni na bushi, navyo ni vya bei ndogo. Tukiviacha, bushi inalika, amecha inalala upande, inakwaruza ndani mpaka inaharibika. Hasara kubwa imezaliwa na kitu kidogo.

Kazi yenyewe ina masharti. Kwanza, kabla ya kufungua chochote, tusafishe vichwa vya betri na waya unaoshika bodi. Stata nyingi zinahukumiwa bure kwa kosa la waya wenye kutu. Pili, betri ifunguliwe waya kabla ya kazi kuanza. Tatu, shaba isuguliwe kwa msasa laini wa mbao. Msasa wa chuma haufai, chembe zake hunasa pale na kula kaboni. Nne, mifereji kati ya vipande vya shaba ya dinamo ichimbwe kidogo kwa kipande cha msumeno. Ile ya stata isichimbwe.

Dinamo tusiisahau. Stata hunywa umeme, dinamo hurudisha. Tukitengeneza moja tu, betri itakufa na tutarudi kichuguuni. Ikishafungwa, kabla ya kuunganishwa na katauti, iamshwe: waya wa moto wa betri uguse mara moja tu pale palipoandikwa F. Bila hivyo inaweza kukataa kuchaji.

Na ile tabia ya kuwasha kwa kugusisha bisibisi kwenye stata, mtu amesimama chini mbele ya gurudumu, ikome leo. Gia ikiwa imeingia, trekta linaondoka na kumkanyaga. Hatutaki kulima kwa damu.

Wapo wanaosema, "Mtaharibu kabisa." Hoja yao naiheshimu. Amecha iliyoungua hatuwezi kuisuka hapa; hiyo iende mjini. Lakini tutaipeleka tukijua kilichokufa, na ikirudi tutaifungua tuone kilichofanyika. Asiyejua kilichomo ndani hulipia rangi.

Tena mafundi tunao. Vijana wetu wanafungua mota na pampu kule machimboni, wanalinda makarasha usiku kucha. Ujuzi huo mbona hauonekani kijijini? Hauonekani kwa sababu hatujawaita, na tukiwaita tunataka wafanye bure. Azimio la Arusha la 1967 lilitufundisha kujitegemea. Kujitegemea si kumtumia kijana bila kumlipa.

Kwa hiyo naomba mkutano mkuu uamue mambo matatu. Ghala liweke akiba ya kaboni na bushi, kama tunavyoweka mbegu. Vijana wawili, mmoja wao msichana, wajifunze kazi hii kwa fundi wetu wa machimboni, naye alipwe. Na pawe na daftari la trekta: kila kilichofunguliwa kiandikwe, tarehe na jina la aliyefungua.

Haya yafanyike sasa, ardhi ikiwa bado kavu. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila mtu atakuwa anadai zamu yake, na hakuna atakayekuwa na subira ya kushika msasa.

Ni mimi mwanachama mwenzenu.