Maji Yamekatika, Tumshike Nani?

Makamanda, juzi nilikuwa kijijini kwa mama. Pampu ya kisima imekufa tangu kabla ya masika. Dumu la lita 20 linaletwa na bodaboda, na bei anapanga yeye. Nikamfuata mwenyekiti wa kijiji. "Kijana wangu, maji siyo yangu, nenda jumuiya ya maji." Jumuiya wakasema hela iliyopo haitoshi kununua pampu mpya. Diwani naye: "Nitapeleka kilio juu." Juu wapi, mheshimiwa? Kimya.

Sasa tuseme ukweli. Mwaka 1971 wanavijiji waliahidiwa maji safi ndani ya mita 400 ifikapo 1991. 1991 ikapita. Ikaja Sera ya Maji ya 2002 na mita 400 zilezile, safari hii na nyongeza: wananchi wamiliki mradi na walipie uendeshaji na matengenezo. Kwenye karatasi inapendeza. Ila kijiji kinachouza mahindi mara moja kwa mwaka ukikikabidhi mashine ya dizeli, hujakipa madaraka. Umekitupia mzigo.

Halmashauri zilizotakiwa kusaidia zikashindwa, na sitazitetea. Sote tunaijua miradi iliyotoa maji siku ya uzinduzi tu. Dawa ya CCM ikawa nini? Sheria Na. 5 ya 2019 ikaunda RUWASA, mhandisi wa maji wa wilaya akatolewa halmashauri akapelekwa kwenye wakala ulio chini ya Wizara ya Maji. Badala ya kuipa halmashauri hela na wataalamu, wakaipokonya hata kile kidogo ilichokuwa nacho. Jumuiya zikabaki palepale, zinakusanya hela ya ndoo. Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka gani, kama diwani hawezi kumwajibisha mtu wa maji?

Halafu uchaguzi ukifika, diwani huyohuyo anapanda jukwaani kuahidi maji. Na sisi tunaahidi vilevile, tusidanganyane. Mgombea wetu akisema "nichagueni nilete maji" bila kusema hela itatoka fungu gani, hana tofauti na wale wa kijani.

Ninachotaka tupiganie ni hiki: meneja wa maji wa wilaya awajibike kwa Baraza la Madiwani, na matengenezo makubwa yalipwe na serikali, siyo na ndoo ya mama yangu. Huko ni mbali, najua. Lakini mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Nenda. Simama, dai mapato na matumizi ya jumuiya ya maji yasomwe hadharani. Wakikataa, dai iandikwe kwenye muhtasari kwamba wamekataa, na huo muhtasari uupige picha.