Kuvu ukutani: rangi si dawa



Mvua ya Katanga huanza mwezi wa 10 au wa 11, na haituachi mpaka mwezi wa 4. Katikati ya majira hayo dispanseri hujaa akina mama wenye watoto wanaokohoa usiku na kupumua kwa shida. Tunawapa dawa, wanapata nafuu, kisha baada ya wiki mbili wamerudi. Ukimfuata mtoto mpaka nyumbani, mara nyingi utakuta jambo moja: nyuma ya kitanda chake, au kwenye pembe ya ukuta, kuna madoa meusi yenye harufu ya uvundo. Hiyo ni kuvu.

Wengi wetu tunajua dawa moja tu: rangi au chokaa. Tunapaka kabla ya Noeli, ukuta unang'aa, wageni wanasifu. Mwezi wa 2 madoa yametokea tena. Mimi nasema wazi: kupaka rangi juu ya kuvu ni kufunga bendeji safi juu ya kidonda kisichooshwa.

Kuvu hailetwi na rangi mbaya, inaletwa na maji. Mbegu zake ni ndogo mno, hazionekani kwa macho, nazo zimo hewani kila mahali. Hatuwezi kuzimaliza. Lakini pasipo maji haziwezi kuota. Ukuta, godoro au nguo vikibaki vimelowa kwa siku 1 au 2, inatosha.

Maji hayo yanatoka wapi? Kwanza, juu: lata lililotoboka. Pili, chini: maji ya mvua yanayosimama kando ya msingi, au bomba linalovuja. Tatu, yanatoka kwetu sisi wenyewe, na hapa wengi hawaamini. Watu 6 wakilala usiku mzima katika chumba kimoja, pumzi na jasho lao hutoa zaidi ya lita 1 ya maji. Ongeza mvuke wa sufuria ya bukari, ongeza nguo zilizoanikwa ndani. Mvuke usipopata njia ya kutoka, hushika ukuta wenye baridi na kugeuka maji.

Ninyi mnaofanya kazi chini ya ardhi mnalijua jambo hili kuliko mimi. Nani anakubali kuingia katika galeri isiyopitisha hewa? Na maji ya mgodi hutolewa kwa pompu mchana na usiku. Mwaka 2011, pompu ziliposhindwa huko Kipushi, maji yalipanda yakafunika sehemu za chini za mgodi. Basi mtu huyu anayedai hewa kazini, akifika nyumbani anafunga madirisha yote, anaziba kwa matambara matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha, halafu analala humo pamoja na watoto wake. Hewa ni haki ya baba kazini. Mbona isiwe haki ya mtoto kitandani?

Najua majibu yenu: wezi, mbu, baridi. Ni majibu ya kweli. Kwa hiyo fungua asubuhi, watu wakiwa wameamka, madirisha ya pande mbili ili upepo upite, kwa muda wa nusu saa. Usiku acha matundu ya juu wazi, yawekewe wavu, na watoto walale ndani ya chandarua.

Lakini angalieni! Wapo wanaoingiza mbabula chumbani ili kukausha ukuta au nguo. Msifanye hivyo hata siku moja. Makala yanayowaka hutoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini.

Kuvu ikiwa imekwisha kuota, fanya hivi:
1. Ondoa watoto chumbani, fungua madirisha, funga kitambaa puani na mdomoni.
2. Sugua kwa brashi, maji na sabuni. Usisugue pakavu, vumbi lake litaruka.
3. Ukitumia Javel, kikombe 1 katika lita 4 za maji kinatosha. Usiichanganye kamwe na siki, amonia wala dawa nyingine ya kusafishia: mchanganyiko huo hutoa hewa inayochoma mapafu.
4. Acha ukuta ukauke kabisa. Kitanda na kabati vikae mbali kidogo na ukuta, na mfuko wa unga uwekwe juu ya mbao, si juu ya sima.

Hata hivyo, tusimtwike mama mzigo wote. Hawezi kupigana na paa linalovuja kwa kutumia kitambaa. Baba, panda uone lata, chimba mfereji wa kuondoa maji kando ya msingi. Kazi ikikushinda, mwenye nyumba lazima aijue, awe ni kampuni au mtu binafsi: mwandikie, weka tarehe, kisha rudi kumwuliza. Na wale wanaotuma mafundi nawaomba kwa heshima: tumeni kwanza wa paa na bomba, wa rangi aje mwisho.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilieleza kwamba watu wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na kuvu hupatwa zaidi na kikohozi, pumu na magonjwa ya njia ya hewa. Na yule aliyevuta vumbi la mawe kazini miaka mingi, mapafu yake yana mzigo tayari. Tusimwongezee mwingine kitandani.

Basi Jumamosi hii, kabla ya kununua rangi, sogeza kitanda cha mtoto na upitishe kiganja ukutani. Ukisikia umajimaji, acha pesa ya rangi mfukoni. Tafuta kwanza maji yanakotoka.