Mwali tunamfunda, anayekwenda Oman tunampa begi (sehemu ya 3)

Nimetoka zamu, nimeoga, chai ipo pembeni. Leo naendelea na dada zetu wanaokwenda Oman kufanya kazi za ndani, maana wiki hii jambo hili limenikuta kliniki.

Bibi mmoja alikuja kutoka huko delta, kapanda boti alfajiri kuwahi maji, na mjukuu wa miezi minane. (Nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane.) Utepe wa mkono ukasoma njano. Kwenye kadi, mtoto alikuwa anapanda vizuri mpaka mama yake alipoondoka kwenda Muscat, kisha mstari ukaanza kushuka. Aliachishwa ziwa siku ya safari. Siku ile ile jamani! Kwa bibi anakunywa uji mweupe wa sembe, basi.

Jioni nikampigia yule dada. Wenzetu wapo mbele yetu saa moja tu, kwa hiyo nilimpata bado yupo jikoni. Akaniambia, "Dada nesi, maziwa yalinijaa mpaka nikapata homa, sikujua nimwambie nani." Siku tatu anaosha vyombo na ziwa limevimba, anaogopa akionekana mgonjwa atarudishwa.

Sasa mimi naona hivi. Huku kwetu Kibiti msichana akivunja ungo anawekwa ndani, kungwi anakuja, anafundwa atakavyokaa na mume na atakavyowaamkia wakwe. Na hapo anaolewa kijiji cha pili tu, kwa watu wanaosema lugha yake na kula wali kwa samaki kama yeye. Anayevuka bahari kukaa miaka miwili ndani ya nyumba ya watu asiowajua tunampa begi, dua, na orodha ya shida zetu za kutatua. Hapana, hatumtendei haki.

Mtaniambia wakala anawafundisha. Sawa, anafundishwa mashine ya kufulia. Nani anamwambia kwamba kule chakula kikubwa ni cha mchana, kisha nyumba inalala, na yeye ajifunze kulala hapo hapo kwa sababu usiku wataketi sana? Kwamba Ramadhani jikoni hakulali? Kwamba mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili watu wako kazini? Akipewa kahawa ya iliki na tende, ataendelea kumiminiwa mpaka akitikise kikombe. Mambo madogo, lakini yakikujia yote wiki ya kwanza unalia chooni.

Na lugha. Wapo Waoman wanaosema Kiswahili kizuri kabisa, familia zilizoishi Unguja na kurudi baada ya mapinduzi ya 1964. Dada zetu wakisikia Kiswahili wanajiona wamefika kwa shangazi. Kiswahili hakimfanyi bosi kuwa ndugu, mkataba usomwe vile vile.

Upande wangu wa unesi: joto la Juni kule linapita nyuzi 40, ndani kiyoyozi kutwa, mtu hasikii kiu, anasahau maji, mkojo unaanza kuuma. Anywe hata asiposikia kiu. Asibebe dawa za maumivu za kupewa na jirani, tramadol na zenye codeine nchi za Ghuba hawana mchezo nazo. Namba ya ubalozi wetu Muscat aikariri kichwani, kwenye simu tu haitoshi.

Kuhusu kunyonyesha sitapindisha maneno: mtoto chini ya miezi sita, usiende. Baada ya hapo, ukilazimika kwenda, anza kupunguza ziwa wiki nyingi kabla, huku bibi anajifunza kulisha. Ziwa likijaa kamua kidogo upate nafuu, weka kitambaa cha baridi. Likiwa jekundu na una homa, sema. Hospitali.

Waliorudi wapo hapa hapa Kibiti, wengine nawaona sokoni wana maduka. Hao ndio makungwi tunaowahitaji, siku mbili tu wakae na anayeondoka. Wanaume mtupishe kidogo.

Bibi nimemwelekeza: uji utiwe karanga za kusaga, mafuta kidogo, na samaki aliyetolewa miiba, delta samaki si wa kutafuta. Anarudi wiki ijayo kupima, maji yakimruhusu.